MREJESHO: Laini mbili nisizozijua kwenye NIDA yangu (kitambulisho cha taifa)

Wakuu, niliwaeleza kuhusu mama wa Morogoro aliyenipigia akidai nimemtapeli kwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na namba yenyewe siijui. Mkaniambia nipige *106# nihakiki laini zilizosajiliwa kwa jina langu. Nilipiga. Laini 4 kwa jina langu, na mimi natumia 2 tu.

Hapo nikakumbuka. Mwezi wa tatu nilirudisha laini iliyopotea kwa wakala wa mwavuli, wale wanaosajili laini barabarani. Aliniwekesha kidole mara tatu, kila mara anafuta kioo cha kile kimashine kwa shati lake: "Mtandao unasumbua, dada." Kumbe kila kidole kilikuwa na laini yake!

Juzi nimekwenda ofisini kwa kampuni ya simu na kitambulisho, wamezifunga zote mbili mbele yangu. Polisi nimechukua RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu), na namba ya utapeli nimeituma 15040, kule wanakoripoti matapeli. Yule mama nimempigia tukaelewana, ila hela yake hajaipata, na hilo linaniuma kweli.

Asanteni sana, hasa aliyenisisitizia RB. Nyumbani nimewahakikia wote. Baba mkwe naye kakutwa na moja asiyoijua, kesho nampeleka.