Wahusika wangu watatu wamekufa Mirihi ndani ya dakika arobaini. Begi la dharura lifungwe vipi?

FundiSimu_Mwanga

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Naomba msaada, na anayetaka kucheka acheke kwanza amalize.

Tuko sita. Kila Jumamosi nikishafunga fremu yangu hapa Mwanga tunajifungia ndani na kucheza mchezo wa kuigiza wahusika. Kwa asiyeujua: watano wanakuwa watu wengine kabisa, mimi ni msimuliaji, nawaambia wanaona nini, wao wananiambia wanafanya nini, na penye ubishi dadu mbili za ludo ndizo zinaamua. Mwaka ni 2190. Chombo chao cha anga wamekibatiza Liemba Mpya, kwa jina la ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, maana mtu wa Kigoma ukimpa chombo chochote akipe jina, jina ni hilo hilo.

Jumamosi iliyopita nikakiangusha. Injini ikazima juu ya Mirihi, chombo kikalala kifudifudi bondeni, nikawaambia mna dakika mbili, kila mtu achukue begi lake la dharura atoke. Begi lenyewe lina nini? Nikagawa karatasi za kaunta buku kila mtu aandike. Nilichopokea ni hiki.

Jamaa wa bodaboda: panga, bunduki ya leza, kamba mita 50, kiberiti. Dada anayeuza mawese hapo jirani: sufuria, unga kilo 5, migebuka mikavu, chumvi, kiberiti. Mwanafunzi wa chuo, yule msomi wetu: dira, filimbi, hema, kiberiti. Fundi cherehani: sindano, uzi, blanketi. Wa tano hakuandika kitu, alikuwa anakula muhogo.

Nikauliza swali moja tu: nje huko mnavuta hewa ya nani? Kimya. Mavazi yao ya anga yalikuwa na hewa ya dakika 40. Hao watatu wa viberiti walianza safari kwa mbwembwe, wakafa njiani. Cherehani na Muhogo walipona kwa sababu walikuwa bado mlangoni wanagombania blanketi, wakaona mtungi wa akiba.

Sasa wiki nzima naitwa muuaji. Dada wa mawese ameacha kunikopesha. Nimekubali turudishe saa nyuma, wafunge upya, kila mtu kilo 6. Hapo bodaboda kaleta sheria mpya: eti mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 tu ya wa hapa, kwa hiyo kilo 6 zake zigawanywe, abebe karibu 16. Ni kweli au ananipiga? Na hilo begi, wakuu, liwe na nini?

KaziIendelee_77

Migebuka Mirihi 😂😂 Huyo dada msimguse. Hata mimi nikifa nataka nife nimeshiba.

Mwl_Fizikia_Tabora

Mkuu, bodaboda wako yuko sahihi nusu, na hiyo nusu nyingine itamvunja mguu. Uzito unapungua, ndiyo, mkononi ataona kama amebeba sita. Lakini tungamo, yaani wingi wa mzigo wenyewe, haipungui. Akikimbia na kilo 16 mgongoni halafu atake kusimama au kukata kona, zinamsukuma vilevile kama ziko Tabora. Tena vibaya zaidi, maana miguu yake inashika ardhi kidogo. Mkumbushe siku aliyobeba magunia mawili ya mkaa akakuta mchanga kwenye kona. Mwache abebe, ila kila kona arushe dadu.

Sasa orodha zao. Kiberiti hakifai kitu. Hewa ya Mirihi asilimia 95 ni kabonidayoksaidi. Kichwa cha njiti kina oksijeni yake kidogo, kwa hiyo kitafanya "fya" mara moja, na mti hautashika. Dira nayo ni pambo: Mirihi haina usumaku wa sayari nzima kama Dunia, kuna mabaka tu ya miamba yenye sumaku, itamzungusha mwanafunzi wako mpaka arudi alikotoka. Filimbi atapulizaje na kofia ya vazi imefunika mdomo? Sufuria ndiyo kabisa. Kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa kule, haifiki hata asilimia moja ya hii yetu, maji yanachemka yakiwa karibu na nyuzi sifuri. Yanatokota huku yana baridi. Ugali gani utaiva hapo.

Wewe panga begi kwa kufuata kinachoua kwanza. Cha kwanza si njaa, ni vazi kutoboka. Mwaka 1966 kule Houston fundi mmoja wa NASA, shirika la anga la Marekani, Jim LeBlanc, alikuwa anajaribu vazi ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, mpira wa kupitishia hewa ukachomoka. Alizimika baada ya sekunde 14 hivi. Wakarudisha hewa haraka akazinduka, na alichokumbuka mwisho ni mate yakimchemka ulimini. Kwa hiyo kiraka cha kubandika kiwe mahali ambapo mkono unafika ndani ya sekunde kumi, na kiwe cha gundi. Fundi cherehani umwambie kwa upole kwamba sindano inatoboa.

Cha pili ni pumzi yake mwenyewe. Watu wanahesabu oksijeni wanasahau kwamba mtu anatoa karibu kilo moja ya kabonidayoksaidi kwa siku, na ndani ya vazi haina pa kwenda. Lazima awe na kopo la kuinyonya. La lithiamu haidroksaidi linahitaji zaidi ya kilo moja kwa mtu kwa siku. Ukimpa kilo 6, mbili zimeshakwenda hapo kwa siku mbili tu. Hapa ndipo mchezo unapokuwa mtamu, kwa sababu ya Apollo 13, ile safari ya Wamarekani ya mwezini iliyoharibikiwa njiani. Aprili 1970 wanaanga wake watatu walihamia kwenye chombo cha kutua mwezini, ambacho kilitengenezwa kwa watu wawili. Makopo ya humo yalikuwa ya duara. Ya akiba, kwenye chombo kikuu, yalikuwa ya mraba. Waliunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mipira ya hewa ya mavazi na tepu. Tepu iwemo, mkuu. Tepu kuliko bunduki.

Panga silipingi. Mwaka 1965 wanaanga wa Kisovieti, Leonov na Belyayev, walishuka nje ya shabaha, wakaangukia msitu wa theluji huko Urali, wakalala humo siku mbili kabla ya kutoka kwa mbao za kutelezea kwenye theluji. Baadaye Warusi wakatengeneza bastola ya wanaanga yenye mitutu mitatu, na kitako chake ukikichomoa ni panga. Ila hilo ni la Duniani, kwa siku ya kurudi. Mirihi hakuna kichaka.

Mwisho, wape kioo. Jua la kule lina asilimia 43 hivi ya nguvu ya hili letu, linatosha kumulika. Na mwenye redio apande juu ya kitu: sayari ni ndogo, mtu aliyesimama tambarare anaona kilomita tatu na nusu tu kabla ardhi haijapinda.

FundiSimu_Mwanga

Mwalimu, ubarikiwe. Nimesoma kwa sauti hapa dukani. Bodaboda kasema yeye hakati kona, ananyoosha.

Baharia_Kibirizi

Mwanangu, mimi Mirihi siijui, ila begi la dharura limewahi kunitoa machozi, kwa hiyo nichangie.

Nilikuwa kwenye boti za abiria na mizigo zinazotoka Kibirizi. Usiku mmoja injini ikazima, ufukwe tunauona kama wino tu, chini yetu maji ya mamia ya mita. Ziwa hili lina mahali linafika mita 1,470, hutii nanga mahali kama hapo. Upepo wa kusini ukaanza kututega ubavu. Nikasema sawa, begi lipo. Begi lilikuwa mbele kabisa, chini ya magunia ya dagaa ya watu, na juu ya magunia wamelala akina mama na watoto. Mpaka tunalifikia tumeshapisha watu mmoja mmoja gizani, boti inayumba, kila mtu anaomba Mungu kwa lugha yake.

Nikalifungua. Plagi mpya zipo mbili, bado ziko kwenye boksi lake. Spana ya plagi haipo. Kiberiti kipo, kimelowa kimekuwa uji. Tochi ipo, betri zimetoa maziwa. Alielifunga begi lile alikuwa kijana wa zamu iliyopita, na hakufunga kwa ubaya. Aliweka kila alichoambiwa aweke. Ila alifunga kama mtu anayejaza fomu, hakujiona yeye mwenyewe usiku ule yuko pale ameshika ile plagi mkononi.

Kilichotuokoa ni kopo la kuchotea maji lililokatwa kutoka dumu la lita tano, na mzee mmoja abiria aliyekuwa na karabai yake anaipeleka nyumbani. Aliiwasha akawa anaiinua na kuishusha nyuma ya shuka, inaonekana inapotea, inaonekana inapotea, mpaka wavuvi wa dagaa wakashtuka kwamba ile taa haivui.

Tangu siku ile kiberiti changu kinakaa kwenye kichupa cha dawa, mfuniko nimeuzungushia nta ya mshumaa, kichupa kimefungwa kiunoni. Si botini. Kiunoni.

Na hiyo Liemba mnayoitaja, watoto wa siku hizi mnajua jina tu. Wajerumani waliijenga kwao mwaka 1913, ikaja imefungwa vipandevipande kwenye masanduku mpaka hapa Kigoma, ikaelea 1915. Mwaka uliofuata vita vikawaelemea, wakaizamisha wenyewe isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mashine grisi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mashine bado zilikuwa za kutumika, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka minane tangu izamishwe! Yule aliyepaka grisi alikuwa anamfungia begi mtu asiyemjua.

Kwa hiyo mimi nikuulize, kwa nini mnafunga mabegi yenu wenyewe? Kazini nani anajifungia? Unakuta limefungwa.

Shangazi_Ujiji

Hapo baharia kamaliza. Fundi, badilisha sheria: kila mchezaji afunge begi la mwenzake, alitie kwenye bahasha, aibandike. Nani amfungie nani, dadu iamue. Halafu angusha chombo. Mtajua nani anampenda nani.

Na yule wa muhogo usimwonee huruma, afunge na yeye.

KaziIendelee_77

Bahasha ya Muhogo nisipewe mimi.

FundiSimu_Mwanga

Wakuu, nimerudi. Ni usiku wa Jumamosi, nawaandikia bado tuko fremu na mchezo umesimama, mtaona kwa nini.

Tumefanya kama alivyosema Shangazi. Bahasha tano, kilo 6 kila moja, nimetumia mizani ya dada wa mawese kuwaonyesha kilo 6 ni kitu gani, maana bodaboda alikuwa anabishana na hewa. Kila begi limefungwa mwilini, nimekataa "liko chomboni". Dadu ikasema bodaboda amfungie dada, dada amfungie bodaboda, mwanafunzi amfungie cherehani, cherehani amfungie Muhogo. Na Muhogo, wakuu, amfungie mwanafunzi.

Nikaangusha chombo. Wakachana bahasha.

Bodaboda kakuta kiraka cha gundi, makopo mawili, kioo, redio, na chupa ya mawese ya robo lita. Kauliza ya nini. Dada kajibu, "Ili usisahau kwenu." Nikasema kwa baridi ya kule yameganda kama sabuni, akasema hata hivyo. Dada naye kafungua lake: makopo, tepu nzima, kiraka, na panga. Bodaboda hakuweza kuacha panga. Kumbe alikuwa ameanza na kilo 16, akapunguza mwenyewe bila kuambiwa, akasema mwanamke hawezi kukatishwa kona na mzigo.

Dakika ya 38, mwanafunzi anatakiwa kubadilisha kopo. Kachana bahasha ya Muhogo. Kopo lipo, tena matatu. Muhogo hakuwa mjinga. Ila ameandika kwa mwandiko wake: "makopo ya mraba". Nilikuwa nimeshasema tangu mwanzo kwamba mavazi yao yanatumia ya duara. Fremu nzima ikapiga kelele. Muhogo anasema yeye alidhani mraba unapangika vizuri begini, usione anakula tu.

Dada akasema ana tepu. Bodaboda akasema panga likate hema. Cherehani, aliyekatazwa sindano wiki nzima, ndiye aliyechora kipande kikatwe vipi ili mraba uvae duara bila kukunjana pembeni, kasimama na chaki yake juu ya kaunta yangu kama anakata suruali. Nikawapa: tisa au zaidi kwa dadu mbili, mwanafunzi anapumua. Chini ya hapo tunamzika.

Wakampa Muhogo arushe. Dadu nyeupe imesimama kwenye sita. Nyekundu imeruka, imeingia chini ya kabati la mwenye fremu, ambalo limepigiliwa ukutani kwa misumari. Tumelala chini wote na tochi za simu. Tunaona ubavu mmoja tu, una mbili. Juu hatupaoni. Mwanafunzi amekaa kwenye stuli amekataa kuangalia. Bodaboda ameleta waya anataka kuivuta. Mwalimu, uko macho?

Mwl_Fizikia_Tabora

Niko macho. Ubavuni kukiwa na mbili, juu hapawezi kuwa mbili wala tano, maana hizo ziko ubavu na ubavu. Zimebaki moja, tatu, nne na sita, na moja tu ndiyo inamuua. Mnyang'anye bodaboda waya, ataigeuza. Ng'oeni misumari.