Usiku naitwa sista, ikifika ajira naambiwa mimi mgeni

Wakuu kwema? Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo nivumilieni, na uzi ni mrefu kidogo.

Mimi ni Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi pale Bujumbura, nimeolewa na Mgogo wa Bahi tunaishi Nkuhungu. Unesi nimesomea hapahapa Dodoma, diploma miaka mitatu, mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga nikafaulu, leseni ninayo. Sijaokota cheti njiani.

Serikalini nilishajua sina changu, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira sharti la kwanzakwanza ni mwombaji awe raia wa Tanzania, sawa, nchi ina wenyewe, sina ugomvi. Nikaenda binafsi. Hospitali moja hapa mjini (siitaji, wenyewe wanajijua) wakaniambia we anza kujitolea tukuone, nafasi zikitoka wewe ndo wa kwanza. Nimejitolea miezi nane. MINANE! Nauli yangu, yunifomu yangu, siku nyingine mpaka glavu natoka nazo home. Na kujitolea kwenyewe mnakujua, mwenye mshahara anapangwa mchana mimi napangwa usiku, wodi nzima mimi na mhudumu mmoja, inchaji (nesi mkuu wa wodi) kalala. Kuna usiku nimekuta bibi kaletwa kutoka Chamwino, kaishiwa maji mwili mzima, mishipa haionekani, waliomaliza zamu walishamchoma mara nne wakamwacha wakaniambia utajua mwenyewe. Nikamkanda mkono na kitambaa cha maji ya moto, nikamsalimia kwa Kigogo kidogo alichonifundisha mama mkwe, mbukwa bibi, akacheka hoi vile vile alivyo, nikaupata mshipa nyuma ya kiganja kwa kanula ya bluu, dripu ikaenda. Asubuhi kwenye ripoti nikapigiwa makofi kabisa.

Mwezi uliopita nafasi zikatoka tatu. Naitwa ofisini, jamaa wa utumishi anapekua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa kama kasahau hela humo, anasema dada yangu tatizo huna kibali cha kazi. Namwambia kaka, kibali cha kazi anayeomba ni mwajiri, sheria ya 2015 ya ajira za wageni ndo inasema hivyo, mimi siwezi kujiombea. Anasema ndiyo, ila sisi hatumwombei mtu asiye na uzoefu wa miaka miwili. Na ile miezi nane? "Ile ulikuwa unajitolea, haihesabiki." Yaani wagonjwa niliowahudumia walikuwa wa mazoezi! Akamalizia eti na Kiswahili changu kina Kirundi Kirundi wagonjwa watapata shida. Buyenzi bwana, sisi hata ndoto tunaota kwa Kiswahili.

Lakini kilichonichoma ni kwamba walijua toka siku ya kwanza. Kibali nilichonacho ni cha kukaa kama mke wa Mtanzania, kazi hakiniruhusu, na inchaji alishaniambia "wakipita Uhamiaji sema uko field," yaani niseme ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mi mshamba nikaona huyu dada ananijali, kumbe siku wangepita wa kupandishwa kwenye gari ni mimi, wao wangesema hatumjui.

Nimemuuliza mtu anayezijua hizi taratibu, anasema wanakwepa ada na makaratasi, maana mwajiri anatakiwa aeleze mpaka mpango wa kumwandaa Mtanzania wa kushika nafasi baada ya mgeni. Sasa wa kuandaliwa si hao wamejaa? Wawili nilikuwa najitolea nao, Watanzania kindakindaki, hawajaonja senti mpaka leo, mmoja mchana anauza zabibu stendi ya Nzuguni, usiku anakuja zamu macho mekundu. Kwa hiyo wewe unayekuja kuniandikia rudi kwenu, huyo naye arudi wapi?

Ninachouliza ni kimoja, kuna hospitali au kituo cha afya binafsi mnachokijua kilishawahi kumwombea nesi kibali? Hata Manyoni, hata Singida, hata Kongwa ndani ndani huko naenda, mume kashakubali.

Na muone walivyo hawana aibu, saa moja iliyopita inchaji kanitumia meseji, "Sista leo naiti tuko pungufu, njoo utusaidie mpendwa." Na kaweka kopa mbili. Nimeisoma, tiki zishakuwa bluu, ninapika mlenda wangu hapa.