Mjadala: Rangi moja ikiisha, printa ina haki ya kugoma kuprinti nyeusi?

Mwanzisha mada

Wakuu habari zenu, hili naomba tulijadili kwa uzito wake. Unataka kuprinti barua ya maandishi meusi matupu, katriji nyeusi imejaa, printa inakwambia njano imeisha kabadilishe kwanza. Unabonyeza endelea haiendelei, unazima unawasha ni yale yale. Na zipo zile za kazi zote ndani ya mashine moja ambazo wino ukiisha zinagoma mpaka kuskani, sasa kuskani na wino wapi na wapi jamani? Skana ni taa na sensa ya mwanga, haitumii hata tone moja!

Msimamo wangu ni huu, printa ukishainunua ni mali yako, ikuonye, ikueleze hatari iliyopo, halafu ikuachie uamue mwenyewe. Kampuni zinasema zinalinda mashine, haya, mbona kila moja ina utaratibu wake? Canon nyingi za wino ukishikilia kile kitufe cha kusimamisha kazi sekunde 5 au zaidi inaacha kufuatilia kiwango cha wino na inaendelea kuprinti. HP nyingi zile ndogo za katriji mbili, chomoa iliyoisha, inaprinti na iliyobaki. Epson baadhi ya modeli zinakuruhusu nyeusi peke yake kwa muda mfupi, karatasi ya kawaida tu. Kwa hiyo inawezekana, ni suala la aliyeandika programu kaamua nini. Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Mkuu nakuelewa ila mimi hivi vitu navifungua kila siku na hapo kwenye ulinzi umepita haraka sana. Canon na HP za wino zinachemsha wino, kwenye kila kitundu cha hedi (ile sehemu inayorusha wino kwenye karatasi) kuna kipasha joto kidogo sana, wino unachemka ghafla, povu linasukuma tone nje, na wino huo huo ndio unaokipooza hicho kipasha joto. Ukiforsi kikavu kinaungua basi. Epson wao wanatumia piezo, yaani kidude kinachojikunja kwa umeme kinasukuma tone, hapo hakuna kuungua ila hewa inaingia kwenye hedi, ukija kuweka wino mpya haushuki vizuri unaanza kusafisha hedi mara hii mara ile na kila ukisafisha unamwaga wino kwenye sponji la chini, tena wa rangi zote.

Sasa kitu ambacho watu hawakiangalii ni hedi iko wapi. Kwenye hizo HP za katriji mbili hedi imo kwenye katriji yenyewe, ikiungua umeharibu kitu ambacho ulikuwa unakitupa. Lakini kama hedi imejengewa ndani ya printa, umeua printa, maana mara nyingi hedi mpya inakaribia bei ya mashine. Ndio maana utaratibu haufanani, sio kila mara ni tamaa.

Na hiyo nyeusi yako, ukiwa umeseti karatasi ya picha printa nyingi haziigusi katriji nyeusi ya maandishi, zinachanganya rangi tatu. Mtu anasema sijaprinti rangi mwezi mzima, kumbe anaprinti.

Mchangiaji wa 3

Printa wanauza bei ya kutupa faida wanaitafuta kwenye wino, hilo linajulikana miaka yote. Hutaki, nunua ya matangi unajaza mwenyewe na chupa, mjadala umeisha.

Mchangiaji wa 4

Haujaisha mkuu, ya matangi ni hela nyingi mwanzoni na sio kila mtu anazo. Halafu hiyo "imeisha" yenyewe mnaiamini vipi? Printa nyingi hazipimi wino, zinahesabu matone zilizorusha zinakadiria, ndio maana unakuta imekwambia tupu na ndani bado kuna kitu. Epson walishashtakiwa Marekani kwa suala hili hili, kesi ikaisha kwa makubaliano 2006. Mimi siwezi kukubali mashine ifungwe kwa makadirio.

Mwanzisha mada

Mchangiaji wa 2 nashukuru, hayo ya hedi nayachukua yote na ndiyo hasa nataka yaandikwe kwenye kioo cha printa badala ya "badilisha katriji". Ila kwenye skana umenyamaza. Canon walipelekwa mahakamani Marekani 2021 kwa madai ya hivyo hivyo, kwamba mteja kanunua mashine ya kuskani na haiskani bila wino. Hapo hedi gani inalindwa?

Na kuhusu kuamini kampuni, Italia mamlaka ya ushindani iliipiga HP faini ya euro milioni 10 mwaka 2020 kwa kutowaeleza wateja vizuri kwamba printa zinazuia katriji zisizo zao. Halafu 2022 chipu zilipoadimika duniani Canon wenyewe walitoa katriji za tona (ule unga wa printa za leza) zisizo na chipu wakawaelekeza wateja jinsi ya kulipita lile onyo la kwamba katriji haitambuliki. Ni tona sio wino, najua, ila onyo ambalo mwenye nalo anakufundisha kulipita siku yeye amebanwa, mimi mteja nikibanwa kwa nini liwe ukuta?

Mchangiaji wa 2

Kwenye skana sina cha kutetea, hiyo ni kufunga tu. Nakuuliza moja, mteja kaforsi, hedi ya ndani imeungua, printa iko ndani ya warantii, nani analipa?

Mwanzisha mada

Analipa aliyeforsi. Printa iulize mara moja, mtu abonyeze nakubali, ijirekodi ndani kwamba iliprinti na rangi ikiwa tupu, na warantii ya hedi iishie hapo, sehemu nyingine za mashine zibaki na warantii yake. Na nje ya boksi waandike kwa herufi kubwa kama modeli hiyo haiprinti nyeusi rangi ikiisha, mtu ajue kabla hajatoa hela. Mchangiaji wa 3, wewe hili la boksi unalipinga kwa lipi?

Mchangiaji wa 3

La boksi silipingi. La kuforsi bado, wengi watabonyeza nakubali bila kusoma halafu kelele zinamrudia fundi.