Mifuko mbadala imejaa jikoni: ninunue wa pamba?

Binti wa Tandika: Wakuu, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Tanzania Juni 1, 2019, kila nikienda sokoni narudi na mfuko mbadala mwingine. Sasa dukani wananishawishi ninunue wa pamba, eti ndio rafiki wa mazingira. Ninunue?

Mama Ukindu: Usinunue, mwanangu. Hiyo mifuko mbadala inayofanana na kitambaa ni polipropilini, plastiki vilevile. Na pamba nayo inakula maji na mbolea shambani. Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza ilipiga hesabu mwaka 2011: kwa gesi zinazoipasha dunia joto, mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo ulingane na ule mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Wa polipropilini, mara 11. Unayo tayari! Kunja miwili uitie kwenye pochi leo hii. Mimi natembea na kikapu cha marehemu mama. Mkono wa kikapu ulipokatika nilichukua sindano ya magunia na uzi wa nailoni, nikaushonea upya kwenye ukili wa ukingoni. Kinabeba viazi bila wasiwasi.

Muuza Genge: Kweli kabisa. Mteja akija na kikapu chake namwongezea ndimu, maana mifuko naigharamia mwenyewe.

Binti wa Tandika: Asante mama. Na samaki wabichi? Si watalowesha kikapu?

Mama Ukindu: Samaki nenda na kindoo chenye mfuniko. Muuzaji atakuwekea humohumo.