Gari-nyumba linainama kona ya nyuma kushoto kila asubuhi

Msafiri_Minnesota:
Habari zenu, mafundi na madereva. Ninaishi Marekani, na mwaka huu nimenunua gari-nyumba lililotumika, lenye injini nyuma, linalokaa juu ya mabegi ya upepo kama mabasi makubwa ya huko nyumbani. Tukifika kambini ninabonyeza kitufe cha kusawazisha na gari linajiweka sawa kwa dakika chache, lakini usiku kompresa ndogo ya umeme huwaka karibu kila saa na kutuamsha. Nikiizima, kufikia asubuhi kona ya nyuma kushoto imeshuka upana wa kiganja, na mlango wa friji unafunguka wenyewe. Gereji moja imenishauri nibadilishe mabegi yote ya upande huo, kwa bei iliyonikosesha usingizi kuliko hiyo kompresa. Je, nikubali?

Fundi_Mbezi:
Ndugu, usinunue begi kabla ya kujua upepo unatokea wapi. Katika mifumo mingi ya aina hiyo, gari likiwa safarini mabegi hupata upepo kupitia valvu ya kimo, ile yenye mkono mdogo ulioungwa na ekseli. Ukibonyeza kusawazisha, valvu hiyo hutengwa, na kazi hushikwa na solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme, moja ikiingiza upepo na nyingine ikiutoa. Kwa hiyo jaribu kwa usiku mbili. Usiku wa kwanza sawazisha gari, zima mfumo wote ili usijirekebishe wenyewe, kisha pima kimo cha kila kona kutoka ardhini, na upime tena asubuhi. Usiku wa pili fanya vivyo hivyo gari likiwa katika hali ya safari, injini imezimwa. Likishuka mara zote mbili, kagua begi na bomba lake. Likishuka usiku wa kwanza tu, begi ni zima na tatizo liko kwenye solenoidi. Likishuka usiku wa pili tu, ishuku valvu ya kimo.

Nakusihi pia usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na upepo peke yake, kwa sababu bomba likichomoka fremu hushuka papo hapo na nafasi inayobaki haimtoshi mtu. Weka stendi za chuma chini ya fremu, si matofali kama wengine wetu tunavyofanya huku.

Dereva_Texas:
Naunga mkono maelezo ya Fundi, ila usihesabu baridi kuwa uvujaji. Hewa ikipoa kutoka nyuzi 30 hadi 10 za Selsiasi, ujazo wake hupungua kwa takriban asilimia 7, hivyo gari zima litashuka kidogo hata kama hakuna kinachovuja. Kona moja ikishuka peke yake, hiyo si baridi. Ukishajua sehemu, jaza matangi ya upepo hadi presha ya psi 120 hivi, zima injini, kisha paka maji ya sabuni kwenye viungo na hasa kwenye tundu la kutolea upepo la solenoidi, ambalo wengi hulisahau.

Msafiri_Minnesota:
Asanteni sana. Usiku wa kwanza kona ilishuka sentimita 7, na usiku wa pili haikufika hata nusu sentimita. Sabuni ilitoa povu kwenye tundu la kutolea upepo, nami nikabadilishana solenoidi ya kushoto na ya kulia. Usiku uliofuata ikashuka kona ya kulia! Nilipoifungua baada ya kutoa upepo wote, nilikuta chembe za kutu zimekaa chini ya oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia.

Fundi_Mbezi:
Kutu hiyo imetoka kwenye tangi la upepo. Je, ulimwaga lini maji yanayokusanyika ndani ya matangi hayo?

Msafiri_Minnesota:
Tangu nilinunue gari, sijawahi. Leo nimeyamwaga, yakatoka meusi kama chai ya rangi. Nimeagiza draya mpya, yaani kikaushio cha upepo, na oringi za solenoidi zote. Gereji ile sijaipigia simu tena.