OpenMRS au Fineract kwa mchango wa kwanza?

Mgeni_Wandegeya: Wandugu, habari. Nataka kutoa mchango wangu wa kwanza kwenye programu huria. Nimebaki na miradi miwili, OpenMRS ya rekodi za wagonjwa na Apache Fineract ya huduma za kifedha, na wiki hii lazima nichague. Upi mzuri?

Mzee_wa_Terminali: Mzuri kwa nani? Unaandika lugha gani? Ramu kiasi gani? Bando la ofisi au la mfukoni? Hata parachichi la Nakasero mtu hulibonyeza kwanza.

Dada_Msimbo: OpenMRS, wala usihangaike. UgandaEMR ya vituo vyetu vya afya imejengwa juu yake. Jisajili upate OpenMRS ID, ingia Jira wanakoorodhesha kazi, tafuta tiketi, yaani kazi moja, iliyo tayari kufanyiwa kazi, uichukue kwa jina lako kabla hujagusa kitu.

Karani_wa_SACCO: Fineract! Mikopo, riba, marejesho, mambo tunayoishi nayo. Imetoka kwenye mradi wa Mifos, na tangu 2017 ni mradi kamili wa Apache. Ila wana utaratibu: namba ya tiketi ikae kwenye kichwa cha komiti (badiliko la msimbo unalohifadhi), na ukigusa hesabu ya riba bila kuandika majaribio, usitegemee kupokelewa.

Mgeni_Wandegeya: Java kidogo, JavaScript zaidi. Ramu GB 4. Bando la mfukoni. Haraka yangu ni Outreachy, ile programu ya mafunzo kazini yenye posho kwenye programu huria.

Mzee_wa_Terminali: GB 4! Fineract, hifadhidata yake, na kivinjari juu? Mashine itagoma. Nenda OpenMRS 3. Upande wa mbele ni React na TypeScript. Unaendesha moduli moja tu kwako, seva unatumia yao ya majaribio. Kushusha msimbo andika `git clone --depth 1`, usivute historia yote. Vifurushi vya JavaScript vinavyoshushwa na yarn ndivyo vitakavyokula bando, hivyo subiri waifai ya chuo.

Dada_Msimbo: Outreachy ungeitaja mwanzo, kaka. Kule ombi la awali hukubaliwa kwanza, ndipo unachagua mradi kati ya iliyoshiriki na kuchangia ndani ya kipindi chake. Usije ukakesha na Fineract kumbe haimo. Posho ni dola 7,000 kwa miezi 3, kwa hiyo foleni ni ndefu.

Kijana_wa_Mbale: Mnampamba tu. Kuna mradi mmoja, siutaji. Fomu yake ilisoma mwezi kabla ya siku, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 13 na kuendelea alikataliwa. Kosa lilikuwa mstari mmoja. Nikarekebisha, nikaandika jaribio, nikatuma ombi la kuingiza marekebisho. Kimya. Nikakumbusha kwa adabu, kimya. Akaibuka msimamizi, anataka nafasi za mwanzo wa mistari ziwe mbili badala ya nne. Nikabadilisha usiku huohuo, umeme hakuna, intaneti ya simu. Kimya tena! Mwisho roboti ikalifunga ombi langu, "kwa kukosa shughuli". Shughuli ya nani, banange? Toleo lililofuata likaja na marekebisho yaleyale, jina la mtu wao.

Dada_Msimbo: Pole sana. Ndiyo maana kabla ya kuchagua mradi mimi husoma maombi yaliyofungwa, nione watu wa nje wanajibiwaje.

Ramani_Arua: Kwani lazima msimbo? Mimi nilianzia OpenStreetMap, ramani huria, nikichora nyumba za makazi ya wakimbizi ya Bidibidi kutoka picha za setilaiti. Kivinjari tu kinatosha.

Karani_wa_SACCO: Hiyo ni data, ssebo. Ameuliza programu.

Ramani_Arua: Na iD ninayochoria ni nini? Programu huria. Menyu zake nimetafsiri pia.

Karani_wa_SACCO: Kutafsiri menyu si kuandika programu.

Dada_Msimbo: Tafsiri na nyaraka ni mchango, Karani, acha ubishi. Cha ovyo ni ile ya Hacktoberfest 2020, kampeni ya Oktoba ya kuchangia programu huria, watu wanachomeka neno moja kwenye README, faili la maelezo ya mradi, wapate fulana, mpaka waandaaji wakabadili kanuni: mradi usiojiunga wenyewe hauhesabiwi.

Karani_wa_SACCO: Fulana ninayo. Niliipata kihalali.

Mgeni_Wandegeya: Sasa nichukue upi?

Mzee_wa_Terminali: Ongeza ramu kwanza. Ni aina gani, DDR3 au DDR4?

Mgeni_Wandegeya: Nitajuaje?

Mzee_wa_Terminali: `sudo dmidecode -t memory`

Mgeni_Wandegeya: Natumia Windows, mzee.

Mzee_wa_Terminali: Ohoo. Fungua uzi mwingine.