Mota ya wati 1000 na betri za asidi kwenye baiskeli ya Phoenix: je, inafaa?

Mkazi wa Buhongwa
Ndugu zangu, nataka kuifungia mota baiskeli yangu ya Phoenix niende nayo kazini katikati ya jiji la Mwanza, safari ya kama kilomita 24 kwenda na kurudi, pamoja na kile kilima cha Bugando. Muuzaji ananishauri nichukue mota ya wati 1000 na betri nne za asidi kwa kuwa bei yake ni ndogo. Je, nimsikilize?

Fundi Lehemu
Ndugu yangu, anza na betri. Ukiisaidia mota kwa pedeli, baiskeli hula kama wati-saa (kipimo cha nishati ya umeme) 10 hadi 15 kwa kilomita, kwa hiyo safari yako yaweza kudai hadi 360. Betri ya lithiamu ya volti 36 na ampea-saa 10 ina hizo 360 tu (volti mara ampea-saa), tena ikiwa mpya. Ya volti 48 na ampea-saa 13 ina 624. Lakini ukiruhusiwa kuchaji kazini, ile ndogo inatosha, na fedha inayobaki itafutie seli (vibetri vidogo vinavyounda betri) za kuaminika. Betri za asidi achana nazo, kwani nne za ampea-saa 12 hukaribia kilo 15, na ukizoea kuzimaliza kabisa zitakufa mapema.

Mota ya wati 1000 kwenye volti 48 huvuta zaidi ya ampea 20, na betri ya bei ya chini isiyohimili mkondo huo itajikatia umeme katikati ya mlima. Chukua ya wati 350 yenye gia ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), nawe usiache kupiga pedeli.

Mwendesha wa Tanga
Mota nyingi za nyuma huhitaji nafasi ya milimita 135 kwenye fremu, nafasi ambayo Phoenix haina, hivyo utafunga mbele. Uma wake, ule unaoshika gurudumu la mbele, ni wa chuma, afadhali. Mimi nilipuuza kile kipande cha chuma kinachozuia ekseli isizunguke. Siku ya tatu nati zililegea, ekseli ikajizungusha ndani ya uma na kuzisokota nyaya zote mpaka zikakatika.

Mkazi wa Buhongwa
Ahsanteni sana. Soketi ipo chini ya meza yangu kazini, basi nitachukua ya volti 36. Nina chaja ya volti 54.6 nyumbani, itafaa?

Fundi Lehemu
Hapana, usiithubutu. Betri yako ina seli 10 mfululizo na hujaa kwenye volti 42; chaja hiyo ni ya betri za volti 48.